Ulimi wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza leo, na mdogo wangu naye kaja na zake. Ameingia na viatu vyake vya ncha, akavifuta kwenye kapeti langu badala ya gunia la mlangoni, akakaa bila kukaribishwa.

"Dada, wewe ndiye mwalimu katika familia. Tuandikie historia ya kanisa. Jubilei ya miaka arobaini ni tarehe ishirini na moja mwezi ujao."

Nje ya nyumba hii mdogo wangu ni Baba Askofu. Watu wazima na akili zao wanamwinamia utadhani wanatafuta sindano iliyoanguka. Humu ndani ni Kibonge, jina alilopewa na Shangazi siku aliponasa kwenye mlango wa banda la kuku. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ndiye aliyetulea sisi wawili mama alipofariki, na ndiye ninayemuuguza tangu mwaka jana, kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia na nusu ya ulimi.

Nimekubali kuandika. Nikikataa mimi, ataandika yeye, na hapo ndipo tutakapokoma.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka mbwa aliyelowa, na mbwa hatuna.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika ukurasa wa kwanza na nimeridhika nao.

Kanisa lilianzia chumba hiki cha mbele ninachoandikia. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Wanawake walileta nguo, wakabaki kuongea. Maongezi yakawa vilio, vilio vikawa maombi. Mtaa ukawaita Kanisa la Cherehani kwa dhihaka, nao wakalipokea jina lao hivyohivyo. Mwaka mto ulipofurika, Shangazi aliisukuma cherehani ukutani akazilaza familia za bondeni humu ndani, wengine mpaka chini ya meza ya kukatia nguo. Hapo ndipo watu walipomwamini, wala si kwa mahubiri. Baba alikuwa dereva wa lori na mlevi wa kupigiwa mfano. Aliokoka humuhumu, amekaa juu ya rundo la vitambaa, analia mpaka akaharibu gauni la mtu la harusi.

Watu walipoongezeka wakaanza kuulizana mchungaji ni nani. Hawakutaka kuambiwa ni yule mama mwenye tepu shingoni. Baba akavishwa koti la uchungaji. Shangazi ndiye aliyelishona.

Jumanne, 12 Machi

Kibonge ameurudisha ukurasa. Nilipoandika "Shangazi alianzisha", yeye kaweka kwa wino mwekundu: "Mungu alimtumia dada wa Mchungaji kutoa chumba."

Kutoa chumba! Utafikiri alikuwa mwenye nyumba wa kupangisha. Na pale kwenye gauni la harusi kaandika: "Toa. Haijengi."

Nimemsomea Shangazi. Akacheka kwa upande wake mzima wa mdomo mpaka nikamfuta mate. Yeye anaweza kucheka. Mimi siwezi. Nilisimama nikaenda kuvuta hewa dirishani.

Jumapili, 17 Machi

Lazima niandike leo, la sivyo nitapasuka.

Bondeni maji yamewaingilia watu. Familia zimehamia kwenye madarasa ya shule ya msingi, wanalala juu ya madawati. Ukumbi wetu ni mkubwa, mkavu, una vyoo vinne. Umefungwa katikati ya wiki kwa sababu limetandikwa zulia jekundu la jubilei, na zulia halitaki matope. Wifi yangu, Mama Askofu, alisimama mlangoni na kofia yake pana na glavu nyeupe kama daktari wa meno, akitukagua viatu. Kumbe kwenda kuabudu siku hizi ni lazima uonyeshe soli.

Nilimsukuma Shangazi kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mbele, maana huwa anapenda kuona nyuso za watu. Katikati ya sifa akanishika mkono akauliza kwa sauti, kwa ule ulimi wake:

"Wa'u wa bo'eni wame'ala wapi?"

Watu wa bondeni wamelala wapi. Mtu yeyote aliyekaa naye siku mbili anamwelewa. Muuza maziwa anamwelewa. Herufi zingine zinamponyoka, lakini maneno ni yaleyale na akili yake imekamilika kuliko ya wengi mle ndani.

Kibonge alikuwa karibu. Akainua mkono, mpiga kinanda akashusha sauti ikawa ile ya taratibu, ile anayopiga hata mtu akitangaza gari lililozuia njia. Kisha mdogo wangu akamsogezea Shangazi maiki mdomoni.

"Wa'u wa bo'eni," akarudia Shangazi, akifurahi kwamba hatimaye kuna anayemsikiliza.

"Ananena kwa lugha!" Kibonge akapaza sauti. "Mama yetu ananena kwa lugha! Na tafsiri ni hii: Bwana asema, watakuja kutoka mabondeni na kutoka milimani, watalijaza hekalu hili!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wakaanguka juu ya zulia. Shangazi akanitazama, macho yanauliza.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemfuata ofisini kwake. Ana kiti ambacho mgongo wake unapita kichwa.

"Kibonge, alikuwa anauliza watu wamelala wapi."

"Dada, wewe unasikia kwa masikio. Mimi nasikia kwa roho."

"Roho gani isiyojua Kiswahili?"

Akatabasamu lile tabasamu la kwenye bango la jubilei. Akasema nimechoka na uuguzi, ataniombea. Nilitoka nikakuta mkono wangu unanuka marashi yake, nikaunawa kwa sabuni ya kufulia.

Alhamisi, 21 Machi

Shangazi amegombana na nesi wa zahanati, aliyeleta pampa za watu wazima. Kazitupa sakafuni kwa mkono wa kushoto.

"Bado sija'ika huko," akaniambia.

Kweli hajafika. Mkono umekwenda, mguu unaburuzika, ulimi ndio huo. Lakini haja yake anaijua mwenyewe, anasema mapema, nampeleka, na hajawahi kujiaibisha hata mara moja. Ndicho kitu pekee ambacho maradhi hayajamnyang'anya, na anakilinda kwa meno. Nesi akaninong'oneza kwamba siku itafika. Nikamwambia mpaka ifike, tusimharakishe.

Jumapili, 24 Machi

Leo Shangazi alisema: "Pu'guzeni hicho ki'anda, kichwa kinauma." Tafsiri ya Baba Askofu: Bwana asema, pandisheni sifa zifike mbinguni. Mpiga kinanda akaongeza sauti.

Jumatano, 27 Machi

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Nimeusugua, umerudi.

Jumapili, 31 Machi

Wameanza kuja kutoka makanisa mengine. Wana simu mkononi. Wanamwita Bibi wa Lugha. Mmoja, mwanamke mzima na mkoba wake, alipiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu akasema, "Bibi, nitamkie neno." Shangazi akamwambia zipu yake ya nyuma imefunguka. Mwanamke akalia kwa furaha, akaenda nyuma kushuhudia, zipu wazi.

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona aibu. Hawa watu hawana ubaya wowote. Wamenyeshewa mwezi mzima, wanataka kuambiwa kitu.

Jumapili, 7 Aprili

Sikumpeleka. Nimesema ana homa. Amenuna siku nzima, na mtu wa nusu uso akinuna, unaona kweli kanuna.

Mwishoni nikamuuliza wazi. "Shangazi, unajua anayoyafanya Kibonge na maneno yako?"

Anajua. Akasema, kwa kujikongoja, kwamba Kibonge hakuwahi kumsikiliza mtu tangu utotoni, ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti. Akasema pia kwamba anataka kwenda jubilei. Anataka kuwaona wanawake wake wa zamani, wale wachache waliobaki, kabla hajafa au hawajafa wao.

Upole huu unanitia hasira kuliko ujanja wa Kibonge. Angekuwa amekasirika, ningepumzika mimi kukasirika kwa niaba yake.

Jumanne, 16 Aprili

Kibonge kaja kuniahidi. Shangazi atapandishwa madhabahuni, atatajwa, atashukuriwa, atapewa shada. Dakika chache, basi. Hakuna maiki.

"Niapie."

"Dada, mtumishi wa Mungu haapi."

"Basi niahidi kama Kibonge."

Akaangalia sakafu kidogo. "Nakuahidi," akasema. Nikamwamini, mjinga mimi.

Jumapili, 21 Aprili

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nje mvua, ndani joto la miili na marashi na yale maua ya plastiki waliyoyapuliza manukato. Historia niliyoiandika ilisomwa na kijana wa idara ya habari. Shangazi alitokea katika sentensi moja, akitoa chumba. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, kati ya wageni, maana madhabahuni nafasi ya ndugu iliishia kwa wenye vyeo. Kina mama wa cherehani waliwekwa nyuma kabisa, karibu na spika. Shangazi alikuwa akiwatafuta kwa macho na hakuwapata.

Mahubiri yakarefuka. Nikaanza kumwona anatapatapa. Najua mwili ule kuliko wangu. Anashika ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, anabana midomo, anatazama huku na huku akinitafuta. Nikasimama. Mhudumu wa mlangoni, mwanamume wa miraba minne, akanikalisha: "Mama, Baba Askofu anahubiri."

"Mgonjwa wangu anahitaji kutoka."

"Yuko kwenye uwepo wa Bwana, mama."

Shangazi akaita. Alimwita mtu aliyekuwa karibu, naye ni Kibonge.

"Cho'ni," akasema.

Mkono ukainuka. Kinanda kikashuka. Na maiki, ambayo haikuwepo, ikawepo.

"Cho'ni. Ni'elekeni cho'ni."

"Mmesikia?" Kibonge alikuwa anatetemeka, na nadhani kwa kweli alikuwa anatetemeka, hilo ndilo linalonitisha zaidi. "Mmesikia wenyewe, leo haihitaji hata tafsiri! Anasema Sayuni! Nipelekeni Sayuni! Mama yetu anaona Sayuni!"

Watu elfu nzima wakajibu, "Sayuni!"

"Cho'ni!" akalia Shangazi.

"Sayuni!"

"Cho'ni, jama'i!"

"Sayuni, jamani!" Kwaya ikadaka neno, ikaanza kuimba, watu wanaruka, vumbi la zulia jipya linapanda. Kadiri alivyozidi kuomba ndivyo walivyozidi kuitikia. Alikuwa analia sasa. Wakaona machozi, wakapagawa.

Sijui nilimpita vipi yule mtu wa mlangoni. Nilimng'ata, nadhani. Nikapanda ngazi, nikamnyang'anya mdogo wangu maiki.

"Amesema chooni," nikasema. "Hajasema Sayuni. Anataka kwenda chooni. Ni mgonjwa, amebanwa, anawaomba mumpeleke chooni!"

Kinanda kikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mpiga kinanda hakujua apige nini. Mtu mmoja akacheka. Kibonge akaniwekea mkono begani, akasema kwa ile sauti ya upendo, bila maiki lakini kila mtu akisikia: "Tumwombee dada yangu. Uuguzi ni mzigo mzito."

"Amina," wakasema. Amina! Mbele yangu, wakaninyooshea mikono waniombee.

Na wakati wakiwa wamefumba macho, Shangazi akashindwa. Nilisikia kabla ya kuona. Ilishuka kwenye kiti, ikapita kwenye chuma, ikaingia kwenye zulia. Akainamisha kichwa. Hakusema chochote tena, kwa lugha yoyote.

Kibonge alisogea hatua nyuma. Aliangalia viatu vyake. Mungu anisamehe, yale macho yake kwenda kwenye viatu sitayasahau mpaka naingia kaburini.

Aliyekuja ni wifi. Yule wa kofia. Alivua lile joho lake la dhahabu lililoshonwa miezi miwili, akamfunika nalo Shangazi kiunoni na miguuni, akapiga magoti, akavua glavu akaanza kukausha miguu ya Shangazi kwa hizo glavu. "Pole, mama. Pole. Twende," akawa anasema. Kisha akanigeukia, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni: "Shika upande ule, wifi. Usisimame tu."

Tulimtoa kwa mlango wa nyuma. Nyuma yetu nilisikia kinanda kikianza tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefua. Hapakauki kitu.

Jumanne, 23 Aprili

Shangazi amekula kidogo. Asubuhi ameniambia nimletee zile pampa. Nilizileta.

Wifi alipita mchana kumjulia hali, kichwa wazi, bila kofia. Amesema amechukua ufunguo wa ukumbi, familia za bondeni zimeingia tangu jana, na mwenye neno na zulia amtafute yeye. Miaka yote hii nimemwona kama pambo la madhabahu. Sijui nimwombe radhi kwa maneno gani, maana matusi yenyewe nilimtukana kimoyomoyo.

Alhamisi, 25 Aprili

Kibonge amekuja leo mchana. Peke yake, bila dereva, na mfuko wa machungwa. Amevaa shati la kawaida na ndala. Shingo ilikuwa wazi, bila ile kola ya kiaskofu, nikaona amezeeka.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakunisalimia sawasawa. Alimshika Shangazi ule mkono uliokufa, kwa bahati mbaya, akauachia, akashika mzima.

"Shangazi," akasema. Akakwama. Mtu anayehubiri mchana kutwa bila karatasi, alikwama. "Shangazi, mimi..."

Shangazi alimtazama usoni. Kisha akasema maneno mawili.

Kibonge akanigeukia. Hakujitia kusikia kwa roho. Aliniuliza kama mtu anavyouliza njia: "Dada, anasemaje?"

Alichosema Shangazi ni hiki: "Umekula, Kibonge?"

Baada ya yote. Baada ya zulia na Sayuni na Amina na yale macho kwenye viatu, yeye anamuuliza kama amekula. Niliona kwamba nikilitoa lile neno, atalia, atasamehewa, Jumapili atalisimulia madhabahuni na kinanda kitapiga chini yake. Nikasema:

"Anasema utoke."

Hakubisha. Hilo ndilo sikulitegemea. Aliniamini palepale. Akainamisha kichwa, akaweka machungwa sakafuni, akatoka na ndala zake kwenye matope.

Shangazi aliniuliza mbona kaondoka hajala. Nikamwambia ana haraka.

Ameendelea kuutazama mlango mchana wote. Na mimi nimekaa hapa na kalamu, nimejichukia. Nimemwita mdogo wangu mwongo tangu mvua zinaanza. Yeye alipokea maneno ya Shangazi asiyoyaelewa akayageuza. Mimi niliyaelewa vizuri kabisa.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimempigia simu asubuhi, kabla sijanywa chai, kwa sababu ningekunywa chai ningepata sababu za kutompigia.

"Kibonge, jana nilikudanganya. Hakusema utoke. Alikuuliza kama umekula."

Nikasikia matone ya mvua upande wake, kwenye bati.

"Hiyo ni tafsiri ya pili, Dada," akasema. Hakuwa na kejeli, alikuwa amechoka. "Sasa nishike ipi?"

Angeniaminia nini? Nilitafuta neno la kumshawishi, na kila nililolishika lilikuwa limeshachafuka mkononi mwangu. Shangazi alikuwa ameamka, ananitazama kutoka kitandani. Alijua ninaongea na nani.

Nikamwekea simu mdomoni.

Akasema. Lilikuwa lile swali la jana, na herufi zikamponyoka kama kawaida yake. Nilijiuma ulimi nisitie neno.

Nilikuwa nimeinama karibu, nikasikia Kibonge anavuta pumzi ile ya madhabahuni, nikajua sasa inakuja, sasa Bwana atasema. Kisha akaiachia.

"Sijaelewa, Shangazi," akasema. "Samahani. Sema tena polepole."

Akasema tena.